Amri ya mbali ilivyofunga maduka Uswidi

Ijumaa ya Julai 2, 2021 wahalifu waliingilia programu ya Kaseya, kampuni ya Marekani. Mafundi huitumia kutengeneza kompyuta za Windows za wateja bila kufika walipo: amri huandikwa mara moja, nayo hutekelezwa kwenye mamia ya mashine.

Wahalifu walipita njia hiyo hiyo. Amri yao ilizima kwanza kinga ya virusi, kisha ikafunga mafaili yasisomeke. Walidai dola milioni 70. Kaseya ilikadiria kuwa biashara kati ya 800 na 1,500 ziliathirika.

Nchini Uswidi, ushirika wa walaji wa Coop ulifunga mengi ya maduka yake 800 hivi, kwani mashine za malipo ziligoma. Bidhaa zilikuwepo, wateja walikuwa na fedha, lakini mauzo hayakuwezekana. Coop yenyewe haikuwa mteja wa Kaseya. Mteja alikuwa kampuni iliyohudumia mashine zake.

Kutengeneza kompyuta kwa mbali si kosa, maana kumsafirisha fundi kwa kila hitilafu ni gharama. Hatari ni ufunguo mmoja kufungua milango yote. Mwenye duka la pembejeo au chama cha ushirika kinachohudumiwa hivyo kiulize: nani anaruhusiwa kuingia, ruhusa hiyo hufungwa lini, na nakala ya hesabu iko wapi nje ya kompyuta? Kitabu cha stakabadhi nacho kisitupwe. Mashine ikigoma, ndicho kitakachoendeleza mauzo.