Kijiko cha Asali Hakilindi Figo

Madukani, vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia unazunguka ushauri mmoja: kabla hujameza dawa ya maumivu kama diklofenaki, lamba kwanza kijiko cha asali, au dondoshea gundi ya nyuki kwenye maji ya uvuguvugu, na tumbo, ini na figo vitasalimika. Mwenye uwezo anaambiwa anunue maziwa ya nyuki. Wanaoutoa mara nyingi ni watu wanaotupenda. Hata hivyo ni ushauri mbaya, na unaumiza watu.

Wanaouamini hudhani kidonge hulichubua tumbo pale kinapotua, kwa hiyo asali ikitangulia itatandaza utando. Sehemu kubwa ya madhara haiji kwa njia hiyo. Mwaka 1971 John Vane, mtafiti wa Uingereza, alionesha kwamba aspirini na dawa za ukoo wake huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini; kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Diklofenaki ni ya ukoo huo. Prostaglandini huchochea maumivu na uvimbe. Lakini hizohizo hulifanya tumbo litoe ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe, na huiacha wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo pale mwili unapopungukiwa maji. Ukizizima gotini, umezizima na tumboni, kwa sababu dawa husafiri kwa damu. Ndiyo maana hata aliyechomwa sindano ya diklofenaki, ambaye hakumeza chochote, anaweza kupata vidonda vya tumbo. Hapo asali iliyopita kooni ingezuia nini?

Parasetamoli, dawa nyingine ya maumivu, ina njia yake ya kudhuru. Dozi ikizidi, sumu hutengenezwa ndani ya ini lenyewe. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wengi hukivuka bila kujua kwa kuwa dawa hiyo imechanganywa katika vidonge vingi vya mafua na vya mgongo. Aliyezidisha anahitaji hospitali na dawa ya asetilisisteini, ikiwezekana ndani ya saa 8, hata kama hajisikii vibaya. Kumlambisha asali ni kumpotezea muda wa kuokolewa.

Wauzaji husema utafiti upo. Upo kweli, ila sehemu kubwa umefanywa kwa panya. Panya hulishwa asali, kisha hupewa dozi moja kubwa ya dawa, na baada ya saa chache hupasuliwa ili tumbo lake litazamwe. Mama anayemeza diklofenaki kila siku kwa miaka miwili kwa ajili ya magoti yake hafanani na panya huyo kwa lolote. Kumuuzia kinga kwa ushahidi huo ni kumdanganya.

Wengine watanikumbusha aya ya Surat An-Nahl katika Kurani, isemayo kwamba asali ina tiba kwa watu. Naiheshimu, na asali ina tiba: hutuliza kikohozi cha mtoto aliyevuka mwaka mmoja, na ile iliyoandaliwa kitabibu hutumika kufungia vidonda. Lakini aya hiyo haikumwahidi mtu kwamba atakula asali kisha ameze vidonge apendavyo.

Na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Asali humpa mtu ujasiri wa kuendelea kumeza. Mbeba mizigo anayeumwa mgongo angeweza kuacha baada ya siku tano. Akiambiwa amekingwa, anafika mwezi wa tano. Mwenye presha, ambaye tayari anatumia enalaprili na dawa ya kukojosha, anaongeza diklofenaki juu ya hizo, mchanganyiko ambao madaktari huuogopa kwa jinsi unavyoweza kuziangusha figo. Figo mara nyingi haziumi zinapoharibika. Mwenye kisukari analambishwa asali, ambayo takribani asilimia 80 yake ni sukari, kwa jina la kulinda figo ambazo kisukari chenyewe kinazishambulia. Mwenye pumu ananunua maziwa ya nyuki, yaliyowahi kuwabana watu pumzi hata kuwaua.

Kinga ya tumbo iliyothibitishwa kwa binadamu ipo: omeprazoli, kwa maelekezo ya daktari. Nayo hailindi figo. Figo hulindwa kwa dozi ndogo, siku chache, na kwa wengine kutozitumia dawa hizi kabisa. Goti linalosagika mara nyingi hutulizwa na jeli ya kupaka, ambayo huingiza dawa kidogo sana kwenye damu, pamoja na mazoezi ya kuimarisha paja.

Ninaowalaumu zaidi ni wauza dawa wanaopanga chupa za gundi ya nyuki kando ya diklofenaki na kuziuza pamoja. Kazi yao ni kumuuliza mteja: hii ni siku ya ngapi unameza? Una presha, kisukari, ujauzito? Umewahi kuwa na vidonda vya tumbo? Umepata choo cheusi kama lami? Jibu likiwa ndiyo kwa mojawapo, au siku zikiwa zimegeuka miezi, asiuziwe kidonge wala asali. Aelekezwe hospitali akapimwe damu.