Rafadha ya Inoksi kwa Injini Ndogo



Juma hili twataka kuzungumza na ndugu zetu wa kando ya maji, hasa wale wa Ziwa Tanganyika, toka Uvira na Baraka hata Kalemie na Moba, walio na injini ndogo ya kutundika nyuma ya mashua. Wengi wao wameiona dukani rafadha ya inoksi, yaani ya chuma cha pua kisichoshika kutu. Yang'aa kama kioo, nayo ile ya zamani ya alumini yaonekana karibu nayo kama sufuria iliyochakaa. Basi baba wa nyumba hujiuliza: Je, niuze mbuzi nikainunue? Si swali dogo. Bei ya rafadha ya inoksi ni kubwa kupita ya alumini mara mbili, mara tatu, pengine zaidi. Na ziko nyumba nyingi za wavuvi ambazo chakula, mavazi na karo za watoto hutoka katika injini moja tu.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Rafadha ni kile kizungukacho ndani ya maji na kukisukuma chombo. Wengi kwetu husema elisi, kwa kufuata Kifaransa. Kila jani lake tutaliita bawa, na sehemu ya katikati, iliyoshika mabawa yote na kuvikwa juu ya mhimili, tutaiita kitovu.

Mtu adhanie kwamba rafadha kubwa, nene, yenye chuma kingi, ndiyo isukumayo vizuri, na asikie habari ya Francis Pettit Smith. Huyu alikuwa mkulima wa Uingereza, naye alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1836. Rafadha yake ya kwanza ilikuwa ya mti, imejizungusha mara mbili kamili kama skrubu ndefu. Mwaka 1837 alipokuwa akiijaribu katika mfereji wa Paddington, karibu na London, nusu yake ikavunjika. Watu walidhani safari imekwisha. Kumbe chombo kikaongeza mwendo! Toka siku ile watengenezaji walianza kufahamu kwamba rafadha hupimwa kwa kufaa kwake, wala si kwa wingi wa chuma.

Sasa itazame rafadha yako. Juu ya kitovu, au ubavuni mwa bawa, utaona hesabu mbili zimechongwa, kwa mfano 9¼ × 9. Hesabu ya kwanza ni upana wa duara lichorwalo na ncha za mabawa. Ya pili ni hatua, nayo yahesabiwa kwa inchi. Inchi moja ni sentimita 2.54. Hatua maana yake nini? Ni umbali ambao rafadha ingekwenda mbele kwa kuzunguka mara moja, kama maji yangekuwa magumu kama ubao na rafadha ikaingia ndani yake mithili ya skrubu. Hatua ndogo ni kama gia ya kwanza ya lori: nguvu nyingi, mwendo mdogo. Hatua kubwa ni gia ya juu, nayo haifai mlimani.

Vijana wa shule washike kalamu. Injini yazunguka mara 5,500 kwa dakika. Gia zake zapunguza mizunguko kwa nusu, basi rafadha yazunguka mara 2,750. Hatua ni inchi 9, yaani karibu sentimita 22.9. Zidisheni: ni mita 629 kwa dakika, au kilomita 37 na zaidi kwa saa. Lakini mashua ya mbao, yenye watu, nyavu na makasha ya ndakala, itakwenda pengine 22 tu. Zilizobaki zimekwenda wapi? Zimepotea katika kuteleza, kwa kuwa maji si ubao. Kwa mashua nzito kuteleza namna hii si ugonjwa. Kwa mashua nyepesi ipaayo juu ya maji, ingekuwa ishara mbaya.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la makala hii, na twaomba lisomwe polepole. Rafadha huchaguliwa kwa kutazama mizunguko ya injini, wakati mashua imepakiwa mzigo wake wa kila siku na mkono wa petroli umefunguliwa mpaka mwisho. Kila injini ina mipaka yake, nayo imeandikwa katika kitabu chake. Kwa injini nyingi ndogo ni kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika, au kati ya 5,000 na 6,000. Fuata kitabu chako, usifuate cha jirani. Kiko kipima mizunguko kidogo, cha bei nafuu, ambacho uzi wake huzungushwa juu ya waya wa buji. Wavuvi watano wakikinunua kwa shirika, kitawatumikia wote.

Tuseme injini yako yapaswa kufika 4,500 mpaka 5,500, nawe ukiwa na mzigo waona 4,300 tu. Hatua ya rafadha ni kubwa mno. Kila inchi moja ya hatua ukiipunguza, injini hupata mizunguko 150 mpaka 200 zaidi. Ukishuka kwa inchi mbili umekwisha ingia ndani ya mipaka. Injini ikipita mpaka wa juu, fanya kinyume chake: ongeza hatua. Na mtu asiseme, «Yangu yazunguka polepole, basi yaokoa petroli.» Injini inayolemewa hula petroli, hupata moto mwingi, hujaa masizi, na mwisho pistoni zake huharibika. Ni kama mtu abebeshwaye magunia mawili akaambiwa apande mlima: hatembei upesi, lakini moyo wake wapiga kwa nguvu.

Inoksi haitaliponya kosa la hatua. Tena huenda ikalizidisha! Kwa sababu mabawa yake ni membamba na hayapindi yakisukuma maji, na mara nyingi ukingo wake wa nyuma umekunjwa kidogo ili ushike maji, rafadha ya inoksi yenye hesabu zile zile huweza kuipunguzia injini mizunguko. Anayetoka kwenye alumini ya inchi 9, na injini yake ikafika mpakani kwa shida, aangalie kwanza kama ya inoksi ya inchi 8 haitamfaa zaidi.

Basi inoksi ina faida gani? Ina faida ya kweli. Mchanga na changarawe huikwaruza kidogo tu, hali alumini huliwa kingo zake mpaka mabawa yakawa kama kisu kilichonolewa miaka kumi. Mtu apitaye kila siku juu ya mchanga wa mdomo wa Ruzizi, au pale Lukuga itokapo ziwani, ataona faida hiyo. Lakini penye miamba, kama katika rasi ya Ubwari na kandokando ya milima ya Marungu, shauri hubadilika. Alumini ikigonga jiwe hupinda au kuvunjika, na kwa kuvunjika kwake huipokea sehemu kubwa ya pigo. Inoksi haivunjiki upesi, basi pigo hupita, likaenda kwenye mhimili na gia. Rafadha hununuliwa dukani. Gia za injini ndogo hungojwa miezi, na huenda zikagharimu kuliko rafadha tatu. Tena bawa la alumini lililopinda kidogo fundi mwenye subira aweza kulinyosha, na kovu dogo kulisawazisha kwa tupa. La inoksi lataka fundi wa kulehemu mwenye mitambo maalumu ya kupima uzito wa mabawa, naye haonekani katika kila mji.

Kwa hiyo shauri letu kwa mwenye injini ya nguvu za farasi 15 na mashua ya mbao ni hili: nunua kwanza rafadha mbili za alumini, zinazopishana inchi moja au mbili za hatua, uzijaribu kwa mzigo. Inayofaa itumie, ya pili iwe akiba ndani ya mashua. Ukiisha kuijua hatua yako, na ukiwa mtu wa mchanga, si wa miamba, hapo waweza kuweka fedha kidogo kidogo kwa inoksi. Kwa injini za nguvu 2 mpaka 5 usijisumbue hata kidogo.

Kabla ya kulipa, chunguza kwamba meno ya ndani ya kitovu yaingia sawasawa juu ya mhimili wa injini yako. Rafadha za watengenezaji mbalimbali mara nyingi hazibadilishani, hata zikifanana kwa macho. Na mwenye duka akileta sumaku ili kukuhakikishia uzuri wa inoksi yake, mshukuru, lakini usiamini mno: ziko inoksi bora zinazovutwa na sumaku, na nyingine zisizovutwa. Uzito mkononi ndio utakaokuonyesha upesi kama ni alumini iliyosuguliwa tu.

Sasa tuje kwenye taabu. Ile itishayo zaidi ni hii: injini yanguruma kwa nguvu, mashua haiendi. Mara nyingi aliyeharibika ni mpira wa kitovu. Katika rafadha nyingi, ndani ya kitovu mna mpira uliobanwa kati ya chuma cha ndani na cha nje, ili ulainishe mshtuko wa gia na uteleze kidogo rafadha ikigonga kitu. Mpira huo ukichakaa, mhimili wazunguka peke yake. Kuupima ni rahisi: chora mstari mmoja wa rangi kutoka chuma cha ndani mpaka cha nje, enda majini, ufungue petroli, kisha urudi utazame. Mstari ukiwa umekatika mahali pawili visivyoelekeana, mpira umekwisha. Jambo hili likikupata mbali na pwani, punguza petroli sana; kwa mwendo wa polepole mpira mara nyingi hushika bado, nawe utafika.

Injini ndogo kabisa hazina mpira huo. Zina pini laini iliyopita katikati ya mhimili, imewekwa ili ikatike rafadha ikigonga jiwe. Twasikitika kuona wengine wakiweka msumari wa chuma kigumu mahali pa pini hiyo, wakajisifu kwamba haikatiki tena. Haikatiki, ndiyo! Zitakatika gia. Pini sita za akiba hukaa katika kopo la sigara.

Taabu ya pili: injini yapiga kelele ghafula mashua ikigeuka au ikipanda wimbi, kisha yatulia. Rafadha yavuta hewa toka juu. Tazama lile bamba pana lililo juu ya rafadha: yapaswa kuwa sawa na chini ya mashua, au sentimita mbili tatu chini yake. Likiwa juu zaidi, shusha injini, au punguza ubao wa tezi. Mashua zetu nyingi zina mkuku mnene unaofika mpaka nyuma, nao huyavuruga maji mbele ya rafadha. Fundi seremala akiuchonga uwe mwembamba karibu na tezi, taabu yaweza kwisha bila kununua kitu.

Usichanganye jambo hilo na vishimo vidogo kama vya ndui juu ya bawa. Hivyo hutoka kwa maji yenyewe: penye mgandamizo mdogo sana maji huchemka bila moto, na mapovu yake yakipasuka huchimba hata inoksi. Tafuta kovu kwenye ukingo wa mbele wa bawa, ulisawazishe.

Mtetemo. Toa waya wa buji kwanza, maana injini ndogo iliyozungushwa kwa mkono yaweza kuwaka, na kidole hakioti tena. Funga kijiti kwenye mguu wa injini, ncha yake iguse bawa moja, kisha zungusha polepole. Mabawa yote yapite karibu na ncha sawasawa. Lisilopita sawa limepinda. Yakiwa sawa yote, vua rafadha uutazame mhimili: ukiyumba unapozungushwa, hapo ni kazi ya fundi.

Ukiisha kuivua, tazama nyuma yake kama hakuna uzi wa wavu. Uzi wa nailoni hujizungusha pale, hukata mpira uzuiao maji, na maji huingia katika mafuta ya gia. Mafuta yaliyogeuka meupe kama maziwa ni ishara yake. Katika maji ya nyavu nyingi, vua rafadha kila mwezi, pakaza mhimili grisi isiyoondolewa na maji, rudisha washa zake kwa taratibu ile ile, kaza nati, na utie pini mpya ya kuifunga. Kwa maji matamu kama ya ziwa letu, kile kipande kidogo cha madini kilichowekwa ili kiliwe badala ya mguu wa injini kifae kuwa cha magnesi. Zinki ni ya bahari.

Tangu mafuriko ya mwaka 2024, ziwa lilipofunika nyumba na barabara za kandokando huko Uvira na Kalemie, yafaa kukaribia pwani polepole kuliko zamani, kwa ajili ya kuta na visiki vilivyolala chini ya maji. Na katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusi-mashariki uvumapo, mashua isiyo na rafadha yaweza kusukumwa juu ya miamba ya upande wetu. Basi pamoja na makasia na koti la kuokolea la kila mtu, pakia rafadha ya akiba, nati mbili, pini, koleo na ufunguo. Ufunguo huo ufungwe kwa kamba ubavuni mwa mashua. Kina kikubwa cha Tanganyika ni mita 1,470, na mikono ya mvuvi huwa na mafuta ya samaki.