Je, Usaliti Mkubwa Husameheka?



Huku Mtwara msimu wa korosho ukipita ndipo siri nyingi za nyumba hujulikana. Mama amepalilia, ameokota, ameanika. Baba amekwenda kufuata malipo, naye harudi siku aliyosema. Akirudi, mkono mtupu na maneno mengi.

Hivi karibuni tulikaa mkekani na mama mmoja wa upande wa mlango wa Mto Ruvuma. Mumewe alikuwa amepeleka fedha za misimu miwili kwa mwanamke mwingine mjini, na huko amezaa naye mtoto. Sasa amerudi, anaomba radhi. Wazee wa kanisa walikuja jioni, wakamwambia, "Mama, samehe, Mkristo husamehe." Wakaomba, wakaaga. Mama huyu akatuuliza, "Wao wamemaliza. Mimi nianzie wapi? Na nikisema moyo bado unauma, nimekuwa mpagani?"

Hapana, mama. Uchungu si dhambi. Katika Zaburi ya 55 mwimbaji analia kwamba angeweza kuvumilia kama angetukanwa na adui, lakini aliyemwumiza ni rafiki aliyekwenda naye nyumbani mwa Mungu. Kilio hicho kimo ndani ya Biblia, wala Mungu hakukifuta.

Je, usaliti kama huo husameheka? Imani yetu inajibu kwamba ndiyo. Petro alipouliza kama kusamehe mara saba kunatosha, Bwana alimpa hesabu isiyohesabika (Mathayo 18). Kisha akasimulia habari za mtumwa aliyefutiwa deni la talanta elfu kumi, naye akaenda kumkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Sisi sote tumefutiwa. Hilo halina ubishi.

Lakini akina mama, tusichanganye mambo mawili. Kusamehe ni kuachilia kisasi, na hilo laweza kufanywa na mtu mmoja, akiwa peke yake na Mungu wake. Kupatana ni kujenga upya, na nyumba ya watu wawili haijengwi na mmoja. Katika Luka 17 Bwana anasema ndugu akikosa aonywe, na akitubu asamehewe. Hapo kuna kuonya, na kuna kutubu. Yusufu alilia kwa upendo alipowaona ndugu zake waliomwuza, lakini hakujitambulisha siku ile. Kwanza aliwajaribu, mpaka Yuda alipojitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Zakayo naye hakuishia kwenye maneno. Aliahidi kurudisha mara nne.

Tulipokuwa tukirudi tulipumzika Mikindani, na pale tukakumbuka habari iliyoanzia katika ghuba ile. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alifika na msafara wake kwenye mlango wa Ruvuma. Mikoko ilizuia ngamia wasiweze kushushwa, basi wakaja kutua Mikindani. Miongoni mwa watu wake walikuwamo wanaume kumi wa kisiwa cha Anzuani, Komoro, chini ya mkubwa wao Musa. Miezi michache baadaye, karibu na Ziwa Nyasa, watu hao walimtoroka. Wakarudi Unguja na kueleza kwamba bwana wao ameuawa njiani. Habari ilifika hadi Uingereza, watu wakaomboleza aliye hai. Mwaka 1867 ilibidi wapelekwe watu Ziwa Nyasa kuchunguza, na uongo ule ukafichuka.

Mwaka 1868, nchi ya Kazembe, wengi wa wale waliobaki nao walikataa kuendelea. Amoda, aliyekuwa naye tangu kabla ya safari hiyo, alitoroka alfajiri ya kuondoka. Livingstone akaenda na watu watano tu. Waliporudi kwake baadaye mwaka ule, aliwapokea. Aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba hakuwalaumu sana moyoni, kwa kuwa walikuwa wamechoka kutembea, naye pia amechoka, na kwamba yeye mwenyewe ana makosa yake.

Tena, mwaka 1872 huko Unyanyembe, mpishi wake Halima, mke wa Amoda, aligombana na mwenzake akaondoka. Alirudi mwenyewe, akasimama nje akingoja aambiwe aingie. Livingstone alitoka akamwambia aingie na asigombane tena, kisha akampa nguo nzito ya baridi ili ajue hakuna kinyongo.

Livingstone alipofariki mwaka 1873, Amoda na Halima walikuwa miongoni mwa wale waliousindikiza mwili wake safari ya miezi mingi hadi pwani, Bagamoyo. Yule aliyemkimbia alfajiri alikuwa mmoja wa waliobaki naye mwisho.

Basi, mama, habari hii inatufundisha nini? Uongo wa Musa haukufunikwa kwa jina la msamaha. Ulichunguzwa. Waliorudi walipokelewa, nao uaminifu wao ulionekana kwa miaka iliyofuata. Hata hivyo tusidanganyane: mtumishi kutoroka si sawa na mume kuvunja agano la kitandani. Jeraha lako ni kubwa zaidi, na lina haki ya kuchukua muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo tulimshauri mama yule hivi. Asiharakishwe. Amwombe Mungu kila siku neno moja tu: aondolewe hamu ya kulipiza. Mume aseme ukweli wote, si nusu. Wote wawili wapime virusi vya UKIMWI kabla ya kurudiana, kwani kusamehe hakumzuii mtu kulinda uhai wake. Mjomba wa kila upande aitwe, kama ilivyo desturi ya huku, ahadi zisemwe mbele ya mashahidi. Malipo ya korosho yajulikane na wote wawili tangu siku yanapotoka. Na yule mtoto wa mjini atunzwe na baba yake, kwa maana hakumsaliti mtu.

Kama kuna kipigo ndani ya nyumba, hilo si jambo la kuvumilia kwa jina la Yesu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Ondoka mahali pa hatari, nenda kwa wazazi, kwa mchungaji au polisi. Unaweza kumsamehe mtu ukiwa mbali naye.

Na wewe mwanamke mwenzetu uliyesaliti, maana hata sisi husaliti, usikate tamaa. Petro alimkana Bwana mara tatu, Yuda alimwuza. Wote wawili walijuta. Petro alikaa na wenzake mpaka alipoulizwa mara tatu kando ya bahari kama anampenda Bwana, akajibu. Yuda alikwenda peke yake. Usiende peke yako.

Tulipomuaga mama yule alikuwa anapepeta mchele. Alisema, "Leo siwezi kumwita mume wangu. Ila leo nimempikia." Tukamwambia kwamba kwa leo hiyo inatosha.

Tuombe: Ee Bwana uliyesalitiwa kwa busu, wakumbuke dada zetu wanaolala na machozi. Wape moyo usiolipiza, akili isiyodanganyika, na majirani watakaorudi tena baada ya sala ya jioni. Amina.