UFUNDI BILA UBUNIFU NI KUNAKILI TU



Wapenzi wazazi na wanafunzi, leo tunasema jambo tulilolinyamazia muda mrefu. Shule zetu nyingi za ufundi zinafundisha mikono na kuiacha akili nje ya mlango, na sisi wazazi tunaridhika.

Tunaye hapa Buyenzi, Bujumbura, kijana aliyesomea useremala. Cheti anacho na alama zake nzuri. Mama mmoja alimwomba kitanda cha watoto watatu, kienee katika chumba kidogo na nafasi ya kuswalia ibaki. Kijana akajibu: "Hicho hatukufundishwa." Miaka yote alinakili ubaoni kitanda kilekile, meza ileile na mlango uleule. Aliyethubutu kubadilisha kipimo alikatwa alama, akaambiwa anaharibu mbao. Mama yule alikwenda kwa fundi wa mtaani asiye na cheti, akatengenezewa.

Je, kosa ni la kijana? Hapana. Tumemlipia ada ili asifikiri.

Tazameni magereji ya Buyenzi hii hii. Gari limeletwa, kipuri hakipatikani. Fundi anakitazama kilichovunjika, anajiuliza kilikuwa kinafanya kazi gani, kisha anachonga kingine kwa chuma chakavu. Huo ndio ubunifu. Si ndoto za mchana. Ni kukiona kwa akili kitu ambacho bado hakipo, kisha kukipima na kukijaribu.

Kule Malawi, William Kamkwamba aliacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Katika maktaba ya kijiji alikuta kitabu chenye picha ya mtambo wa upepo. Kitabu kilimpa picha tu, vifaa hakikumpa. Akachukua baiskeli mbovu, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, akawasha taa nyumbani kwao. Angekuwa amefundishwa kungoja vifaa vilivyoandikwa kitabuni, angengoja mpaka leo.

Na katika historia yetu Waislamu yupo al-Jazari, fundi wa watawala wa Diyarbakır, Uturuki ya leo. Mwaka 1206 alimaliza kitabu cha mitambo 50, mmojawapo ni saa ya maji yenye umbo la tembo. Ndani yake bakuli lenye tundu lilizama polepole, na kila nusu saa likaamsha mitambo mingine. Alisoma kazi za waliomtangulia, akazijaribu, akazirekebisha. Hakuishia kunakili.

Wako wanaotuogopesha kwamba kubuni ni bidaa. Jamani! Bidaa iliyokatazwa ni kuzua jambo katika dini, si kutengeneza jiko linalokula kuni chache.

Wengine husema: "Kwanza wajue kunakili, kubuni baadaye." Tunakubali kwamba asiyejua kushika randa hawezi kubuni kiti. Lakini hiyo "baadaye" haifiki, mtihani unafika kwanza.

Basi tunadai haya. Kila muhula mwanafunzi atengeneze kitu kimoja alichokichora mwenyewe, kwa ajili ya mtu halisi mwenye shida halisi. Mtihani uwe na swali moja lisilo na mfano ubaoni. Mabaki ya mbao na vyuma yatengwe kwa majaribio, na anayekosea aulizwe amejifunza nini kabla ya kugombezwa.

Nasi wazazi tuache kuiita shule ya ufundi shule ya walioshindwa. Mtoto akifungua redio mbovu nyumbani, tusimpige. Tukae naye, tumuulize anatafuta nini.

Na wewe mwanafunzi, usingoje ruhusa. Penseli na karatasi unavyo. Kesho tazama nyumbani kwenu ni kitu gani kinamchosha mama, uanzie hapo.

Wabillahi tawfiq.