Cheti Changu Nani Atakitaka?

"Nani ahangaike na cheti changu cha kidato cha nne?" Muulize mtu kwa nini picha ya cheti chake ameipakia kwenye tovuti asiyoijua ili imrudie ikiwa PDF, na hilo ndilo jibu utakalopewa. Tena kwa kicheko. Eti wa kuogopa ni matajiri. Sisi akina yakhe tuna nini cha kuibiwa?

Haya, tutazame kilichomo kwenye hizo picha. Msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu ukifika, kaa dakika chache kwenye steshenari yoyote yenye foleni. Binti anamtumia kijana wa kaunta picha kwa WhatsApp: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, cheti cha kifo cha baba, kitambulisho cha taifa (NIDA) cha mdhamini, ukurasa wa fomu wenye saini na muhuri wa serikali ya mtaa. Kijana anafungua tovuti ya kwanza iliyojitokeza, anazimwaga zote kwa mkupuo, anasubiri mstari ujae, anapakua, anapokea hela yake. "Anayefuata!" Ukichungulia folda ya vilivyopakuliwa kwenye kompyuta ile, utakuta mtaa mzima umelala humo: vyeti, vitambulisho, hati za nyumba, za wiki hii na za mwaka juzi.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Weka juu yake sura, saini, majina matatu na namba ya simu iliyojazwa kwenye fomu. Tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anabahatisha tu, anatupa ndoana gizani. Mwenye faili hili habahatishi. Atakupigia akuite kwa jina kamili, akupe pole ya baba, akuambie mkopo wako umekwama mahali na unahitaji "kuthibitishwa". Utamkatia simu?

Halafu, hao waliomo kwenye faili ni wangapi? Mwombaji ni mmoja. Mdhamini alitoa kitambulisho chake kwa kuwa ni mjomba, hakukitoa kizungushwe duniani. Kwa hiyo anayesema "sina cha kuficha" anawasemea watu ambao hawakumtuma.

Wapo wanaojitetea kwamba tovuti imeandika faili hufutwa baada ya saa moja. Huenda hufutwa kweli. Sidai kwamba kila mwenye tovuti ni mwizi. Ila wewe uliye huku Mbagala huna namna ya kuhakiki kinachofutwa kwenye seva ambayo hata nchi iliyopo huijui. Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo kuhusu tovuti za bure za kugeuza mafaili: nyingine hufanya kazi uliyoomba vizuri kabisa, lakini faili linalorudi hubeba programu hasidi, au taarifa binafsi zilizomo kwenye nyaraka zako huchotwa. PDF inatoka safi, mteja anashukuru, hakuna anayeshtuka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba safari yenyewe ya picha hizo haina sababu. PDF ilizinduliwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa kilicho wazi. Yeyote anaruhusiwa kutengeneza programu ya kuiandika. Na kwa picha ya JPEG, PDF ni bahasha tu. Picha inaweza kuingia humo kama ilivyo, bila kuguswa, kisha inaongezwa mistari michache ya kueleza ukubwa wa ukurasa. Simu ya bei ya chini inaimaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua. Sisi tunachoma bando kuipeleka ng'ambo na bando jingine kuirudisha.

Kwenye simu nyingi za Android, fungua picha, tafuta sehemu ya kuchapisha, na panapoulizwa printa chagua kuhifadhi kama PDF. Kwenye iPhone, ingia hapo hapo kwenye kuchapisha, tanua ukurasa wa mfano kwa vidole viwili, utume kwenye mafaili yako. Kijana wa steshenari mwenye Windows 10 au 11 aziteue picha zote pamoja, aamuru zichapishwe, na kwenye orodha ya printa achague Microsoft Print to PDF: kurasa kumi zinatoka zikiwa faili moja. Zipo pia tovuti zinazofanya kazi ndani ya kivinjari chako bila kutuma kitu. Kuzipima, fungua ukurasa, zima data na Wi-Fi, kisha weka picha ya mbuzi au ya ukuta. PDF ikitoka, kazi imefanyika mkononi mwako. Ikigoma, chukulia kwamba picha ilikuwa inaelekea nje.

Simlaumu sana kijana wa kaunta; ana foleni na hakuna aliyemfundisha. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ina masharti hata kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, lakini sheria haijasimama kaunta ikamwonyesha kitufe. Lawama yangu naipeleka kwa taasisi zinazodai "PDF tu" na kumwacha mwombaji ajijue. Pokeeni picha, mzigeuze wenyewe kwenye seva zenu. Mtaalamu wenu wa mifumo hatatoka jasho. Kama hilo ni zito, basi andikeni mistari mitatu ya maelekezo, kwa Kiswahili, hapo hapo chini ya kitufe cha kupakia, kabla dirisha lijalo la maombi halijafunguliwa.