Mafuta Huisha Mguuni kwa Dereva

Mwezi huu tunaacha jiko na kabati la vyombo, tunatoka nje mpaka pale gari lilipoegeshwa. Wengi wetu siku hizi tunaendesha. Tunapeleka watoto shule, tunakwenda kazini, tunapitia sokoni, na Jumapili tunajazana wote kwenda ibadani. Gari ni msaada mkubwa, lakini lina mdomo, na mdomo huo haushibi.

Jambo lililotufanya tuandike haya lilianzia katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Mbezi, Dar es Salaam. Mwenzetu mmoja alishindwa kuleta hisa yake majuma mawili mfululizo. Tulipomwuliza taratibu, alitoa machozi. Fedha ya hisa ilikuwa imeingia kwenye tanki la gari. Na si hilo tu. Nyumbani baba watoto alikuwa amemwuliza mbele ya watoto: "Mafuta ya elfu thelathini yameishaje kwa siku tatu? Unakwenda wapi mchana?" Mama wa watu alikuwa hana jibu, kwa maana hakuwa amekwenda popote zaidi ya shule, kazini na sokoni.

Akina mama, swali kama hilo linaumiza kuliko bei ya mafuta. Basi tukakubaliana, sisi tulio na magari katika kikundi, kwamba kwa mwezi mmoja kila mtu awe na daftari dogo ndani ya gari, tuone mafuta yanakwenda wapi.

Daftari kwanza

Njia yenyewe ni rahisi. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe, kisha andika kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida yako. Ukijaza tena mpaka pampu ikate, andika lita ulizowekewa na kilometa za siku hiyo. Toa kilometa za mwanzo katika za mwisho, gawanya kwa lita. Jibu ndilo linalokuambia gari lako linakwenda kilometa ngapi kwa lita moja.

Mwenzetu yule alipata kilometa 10 kwa lita, kwa gari dogo ambalo lingeweza kufanya vizuri zaidi ya hapo. Tukatafuta sababu, tukazikuta tano, na nyingi tulikuwa nazo sote.

Upepo wa matairi. Tairi lililolegea hukokota barabara kama mtu anayetembea na ndala zilizokatika. Injini hutumia nguvu zaidi, na tairi lenyewe hulika pembeni. Kiasi cha upepo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Usikisie kwa kupiga teke. Pima mara moja au mbili kwa mwezi, asubuhi kabla gari halijatembea mbali, kwa sababu tairi likipata moto kipimo hudanganya. Kwa mwenzetu, matairi mawili ya nyuma yalikuwa yamelegea muda mrefu bila yeye kujua.

Mguu mzito. Hapa ndipo tulipoona aibu. Foleni ya Kimara ikisogea kidogo tunakanyaga mafuta kwa nguvu ili mtu asituchomekee, kisha baada ya hatua ishirini tunakanyaga breki. Mafuta yaliyotumika kulisukuma gari yote yamegeuka kuwa moto kwenye breki. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba uendeshaji wa namna hii, wa kukurupuka na kufunga breki ghafla, unaweza kupunguza umbali ambao lita moja inakupeleka kwa asilimia 10 hadi 40 katika foleni. Dawa yake ni kuacha nafasi mbele yako na kutazama mbali. Ukiona taa za magari ya mbele zinawaka nyekundu, ondoa mguu mapema, gari lipunguze mwendo lenyewe. Atakayechomekea mwache apite. Mtakutana naye mbele.

Kusimama huku injini inaunguruma. Tunawahi shuleni dakika ishirini kabla ya kengele, tunakaa ndani ya gari, AC inapuliza, tunazungumza na simu. Gari dogo la petroli likisimama hivyo hunywa nusu lita au hata zaidi kwa saa, na halijasogea hata hatua moja. Zima injini, keti chini ya mwembe na wenzako. Kuwasha tena hakuli mafuta mengi kama tulivyokuwa tukiambiwa. Hali kadhalika ile desturi ya kuunguruma dakika kumi asubuhi kabla ya kuondoka. Kwa magari ya sasa na joto letu la Dar es Salaam, nusu dakika inatosha, kisha ondoka polepole.

Safari fupi fupi. Asubuhi dukani, saa nne kwa fundi cherehani, mchana sokoni, jioni kufuata dumu la maji. Injini ikiwa ya baridi hutumia mafuta mengi zaidi, na katika safari fupi hata haijapata moto tayari umefika. Siku hizi tunaandika orodha ya mambo ya siku na kuyapitia kwa mzunguko mmoja. Pale ambapo miguu inatosha, tunatembea. Na akina mama watatu wa mtaa mmoja wenye watoto shule moja hawana haja ya kutoa magari matatu. Sisi tumegawana siku.

Mzigo usio na kazi. Fungueni buti leo mtazame. Sisi tulikuta gunia la mkaa la tangu mwezi uliopita, viti vya plastiki vya msibani na mawe ya kuzuia gari. Gari linabeba uzito huo kila siku, nawe unaulipia. Keria ya juu nayo, kama huitumii, ishushwe, maana inashindana na upepo.

Barabara kuu

Tunapokwenda kusalimia wazee mikoani, mwendo ndio unaokula fedha. Upepo hulizuia gari, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo huo huongezeka mara nne. Tuchukue kipande cha kilometa 60. Ukienda kwa 80 kwa saa utatumia dakika 45, ukienda kwa 100 utatumia dakika 36. Umeokoa dakika tisa, umetupa mafuta, na watoto wako nyuma wamesinzia wakikutegemea wewe.

Kuhusu AC, tusionane wabaya. Mkiwa na mtoto mchanga mchana wa Februari, washeni. Asubuhi na mapema, mkiwa katika mwendo mdogo, vioo vinatosha, ila mkoba usiuweke kwenye kiti ukiwa kwenye foleni. Katika mwendo mkubwa, fungeni vioo.

Ubahili unaoua

Kuna njia za kubana mafuta ambazo tunawasihi msizifuate. Ya kwanza ni kuweka gia huru kwenye mteremko, au hata kuzima injini. Madereva wengi wanaamini wanaokoa mafuta. Kwa magari ya sasa si kweli. Ukiacha gia ikiwa imeingia na kuondoa mguu kwenye mafuta, mfumo wa gari hukata mafuta wenyewe. Ukiweka huru, injini inahitaji mafuta ili isizimike. Tena unapoteza msaada wa injini kuzuia mwendo, breki zinapata moto na kuchoka. Ukizima kabisa, breki inakuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache, usukani unakuwa mzito na unaweza hata kujifunga. Aliyewahi kuteremka Kitonga kule Iringa anajua maana yake.

Ya pili ni mafuta ya vidumu ya njiani, ambayo hujui yamechanganywa na nini. Na ya tatu ni kuweka petroli ndani ya nyumba. Mvuke wake unatambaa chini na kufika kwenye jiko la mkaa kabla hujaunusa. Hatujasahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakaenda kuchota, na moto ukachukua maisha ya watu zaidi ya 100. Hakuna dumu la mafuta lenye thamani ya mtoto wa mtu.

Hesabu ya mwisho wa mwezi

Mwenzetu alijaza upepo, akapunguza buti, akalainisha mguu, akaacha kuunguruma pale shuleni. Mwisho wa mwezi daftari lilisema kilometa 12 kwa lita. Mtu anaweza kusema ni mbili tu. Haya tuhesabu. Anatembea kilometa 40 kwa siku, siku 22 za kazi, jumla 880. Kwa 10 ni lita 88. Kwa 12 ni lita 73 na kidogo. Tofauti ni lita 14 na zaidi. Tukichukulia lita moja shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu, ni zaidi ya shilingi 40,000. Ninyi wekeni bei ya kwenu. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na katika mwaka 2022 sote tuliona inavyoweza kupanda.

Lakini fedha haikuwa kubwa kuliko daftari lenyewe. Jioni moja alimwekea baba watoto daftari mezani baada ya chakula, bila neno. Baba akasoma ukurasa baada ya ukurasa: shule, kazini, soko, shule. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mama, nisamehe. Kesho nipe na mimi niandike za kwangu." Ijumaa iliyofuata hisa ililetwa, na iliyopungua ikalipwa.

Basi, mpendwa mama, kabla hujaanza kesho, weka daftari na kalamu ndani ya gari. Umwombe na baba aandike, maana gari ni la wote na mguu mzito hauna jinsia. Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutazungumzia jiko la gesi na namna ya kuufanya mtungi udumu. Tuonane.