Kujitetea si Kuikwepa Sheria

Hapana shaka kwamba simu mkononi mwa dereva ni hatari. Gari iendayo mwendo wa kilomita 60 kwa saa hupita mita 50 katika sekunde tatu tu. Na katika barabara ya Chake Chake hadi Wete, mita 50 zatosha kumkuta mtoto atokaye skuli.

Hata hivyo, ubaya wa kosa hauondoi wajibu wa kulithibitisha. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Kwa hiyo dereva anayekana shitaka ana haki ya kuuliza: Askari alisimama wapi? Aliona simu, au mkono uliogusa sikio? Abiria walishuhudia nini? Kumbukumbu za simu zaonyesha kuwa ilitumika saa ile?

Wapo wanaochelea kupoteza siku ya kazi mahakamani, wakakiri wasilolitenda. Wapo pia wenye hatia wanaotaka yaishe kandokando ya barabara, pasipo stakabadhi. Wote wawili huidhoofisha sheria: wa kwanza humzoesha askari kushitaki bila ushahidi, wa pili humzoesha kusamehe kwa malipo.

Walimu na watumishi wa serikali, ambao umma huwatazama, hawana budi kuwa mfano. Asiye na hatia ajitetee mbele ya hakimu. Mwenye hatia akiri, alipe faini, apokee stakabadhi. Ama simu, ingoje mpaka gari isimame.